Goti Lililorudi Lenyewe

6 Mei

Mama Pacha,

Nimekaa juu ya kreti tupu nje ya chumba cha baridi, nakuandikia kabla vidole havijakakamaa tena. Sisi huku wazima. Nikisema sisi, ni mimi na Sweta, yule mwenzangu anayevaa sweta tatu kazini na bado analalamika. Anakusalimu. Anakuita shemeji kana kwamba mlishakunywa chai pamoja.

Kazi ni ile ile. Maboksi ya kuku waliogandishwa yanaingia, tunayapanga hadi darini, kesho yake tunayashusha na kuyatoa, yanaingia mengine. Kuna siku naota nimekuwa kuku na nimepangwa vibaya.

Nikuambie jambo dogo kabla hujalisikia kwa dereva anayekuletea barua hizi, maana mdomo wake hauna kufuli. Jumatano niliteleza kwenye ngazi nikiwa na boksi begani. Mguu ulinaswa kwenye vidato, mwili ukaenda upande wake. Goti la kushoto lilichomoka kidogo, nilipojinyoosha likarudi lenyewe, kama droo. Watu walicheka na mimi nikacheka, nikamaliza zamu. Limevimba kiasi tu. Usimwambie mama yako, atapanda basi.

Nina cha kukuchekesha pia. Sisi tukitoka kwenye baridi jioni tunaweka beseni kubwa la maji vuguvugu, tunatumbukiza miguu wote kwa pamoja. Damu inaporudi vidoleni inachoma kama sindano, na wa kwanza kupiga kelele ndiye anayemwaga maji na kusugua beseni. Tangu nije hapa msugua beseni ni mimi. Basi jana mguu wa kulia ulinichoma kama kawaida, lakini wa kushoto ulikaa kimya, hausikii lolote. Wakongwe wakanipigia makofi. Wanasema mguu mmoja umeshahitimu, unamngoja mwenzake.

Nimechoka, mke wangu. Wabusu wanangu wote wawili, na aliyeanza kugombana asibusiwe kwanza.

Mumeo,
Baba Pacha


11 Mei

Baba Pacha,

Barua yako nimeisoma huku nashona, ndiyo maana ina mafuta ya cherehani pembeni. Shule zimekaribia kufunguliwa na kila mzazi amekumbuka leo kwamba mwanawe hana sare. Nina lundo la sketi za bluu hapa mpaka nikifumba macho naziona. Mgongo wangu umekuwa wa mtu mwingine.

Sasa hilo goti. Unasema kidogo, na kidogo chako nakijua. Ulipoumwa jino uliniambia kidogo mpaka ukashindwa kufungua mdomo kula. Umeenda zahanati? Kama hujaenda, nenda. Na kama huwezi kwenda leo, mwambie huyo Sweta apashe mafuta akukande, akande kwa nguvu, asikuogope. Kiungo kikilegea bila kukandwa kinabaki na tabia mbaya.

Kuhusu mguu wako kuhitimu, hongera. Nimewaambia wanao kwamba baba yao ana mguu msomi. Mkubwa akauliza utavaa kiatu gani kwenye sherehe.

Likizo yako ni mwisho wa mwezi, usiniambie wamebadilisha. Natamani mtu mzima mmoja tu ndani ya nyumba hii zaidi yangu.

Mkeo,
Mama Pacha


18 Mei

Mama Pacha,

Mama wa sare, nimekusikia, nikaenda zahanati. Nilienda moja kwa moja kutoka zamu, na mabuti yangu, ili nirudi kabla msimamizi hajaanza kuhesabu vichwa. Tabibu ni mtu mpole. Alilibonyeza goti, akalikunja, akalikunjua, akasema mfupa haujavunjika, ni kuteguka tu. Akalifunga bendeji ya kukaza na kunipa vidonge.

Akashika na miguu chini. Akauliza, mbona huu wa baridi hivi? Nikamwambia, daktari, mimi nashinda kwenye friji, shika na huo mwingine. Akashika na huo mwingine, nao wa baridi. Tukacheka wote wawili. Akasema siku moja atakuja anunue kuku.

Sweta amenikanda kama ulivyoagiza. Ana mikono ya mtu anayekanda saruji. Maumivu ya goti yenyewe yamepungua, ila shavu la mguu linabana nikitembea. Kutoka getini mpaka bomba la maji lazima nisimame, nijifanye naangalia mawingu. Nikisimama kidogo linaachia. Sweta ananiita mzee wa kukagua mbingu. Nadhani ni bendeji, tabibu aliikaza mno.

Nabeba mizigo kama kawaida. Usiwe na wasiwasi. Likizo iko palepale.

Mumeo,
Baba Pacha


23 Mei

Baba Pacha,

Nimefurahi umeenda. Angalau safari hii sikulazimika kuandika barua tatu.

Mdogo ana surua. Alianza na homa, nikadhani ni meno ya nyuma, kumbe kesho yake uso mzima umechanua. Nimewatenganisha, na huyo mzima analia kwa sababu hana wa kugombana naye. Nashona mchana, nampangusa mgonjwa, namtuliza mzima, nikikaa nikainuka sikumbuki nilikaa kwa nini. Simlaumu mtu. Nakueleza tu ili ukija ukute unajua.

Hiyo ya kubanwa shavu la mguu, legeza bendeji. Nami miguu yangu inauma kwa kukanyaga cherehani, nadhani tunazeeka kwa awamu, tumeanza chini.

Njoo mapema. Sitakuomba ufanye kitu, kaa tu mahali nikuone.

Mkeo,
Mama Pacha


31 Mei

Mke wangu,

Usishtuke kwamba karatasi ni ya hospitali. Nimelala hapa ili kupumzisha goti, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Mgonjwa anaendeleaje? Mpake dawa, asijikune.

Kuna jambo nataka unishauri. Mguu ulikataa kidogo hizi siku mbili tatu, Sweta akanileta hapa kwenye pikapu ya kampuni. Wameufungua wakauangalia, wakaufunga. Sasa kuna daktari mmoja, kijana, amekuja na karatasi, anataka niweke sahihi wakate chini ya goti. Anasema nikikata hapo goti langu linabaki, nitavaa mguu wa bandia na kutembea vizuri. Anasema si lazima iwe leo lakini isifike wiki ijayo.

Nimemwambia kwetu mtu hakatwi kama ukucha. Siwezi kuweka sahihi kabla mke wangu hajasema. Wewe ndiye utakayeishi na mguu huu au na pengo lake. Mimi hapa kichwa changu kimechoka, sioni vizuri lipi la kweli. Mguu wenyewe haujabadilika sana, wa baridi tu kama siku zote, na vidole vimepauka rangi.

Nijibu kwa dereva huyu huyu. Nimemwomba akusubiri uandike.

Mumeo


2 Juni

Baba Pacha,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na bado sielewi. Nani anakatwa mguu kwa goti lililoteguka?

Wewe mwenyewe uliniandikia lilichomoka kidogo likarudi. Ukaniandikia tabibu amesema mfupa mzima. Ukaniandikia unabeba mizigo kama kawaida. Sasa mwezi haujaisha wanataka kukata? Ama huyo kijana amekosea kitanda, ama anajifunzia kazi kwenye mguu wa mume wangu. Kama kuna mtu amelala kitanda cha pili ambaye ndiye anayepaswa kukatwa, mwambie aende kwake.

Unamkumbuka fundi viatu wetu hapa mtaani. Naye aliambiwa vivyo hivyo, akakataa, akarudi nyumbani na mguu wake. Jana amenitengenezea kandambili, amekaa amekunja huo huo mguu waliosema umeoza. Nimetoka kumsomea barua yako sasa hivi. Akasema, mwambie asiweke, wakishakata hawarudishi.

Usiweke sahihi. Waambie mke wangu amekataa. Ningekuja leo hii, lakini mdogo bado anawaka moto na hakuna wa kumwachia, dada yangu anaogopa kuwaambukiza wanawe. Akishuka homa tu nakuja. Mpaka nifike, mtu yeyote asishike kisu.

Dereva amenihurumia, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nimemwuliza, umemwona? Akasema amekuona, umelala, umejifunika. Nikamwuliza unaonekanaje. Akasema umejifunika.

Mkeo,
Mama Pacha


9 Juni

Shemeji,

Mimi ndiye Sweta. Hatujaonana ila naomba unisamehe kwa kuanza undugu wetu na barua kama hii. Mwandiko wangu mbaya, mikono yangu imezoea maboksi.

Mumeo yuko hai. Nimeliweka mbele ili usiruke mistari ukilitafuta. Yuko hai, homa imeshuka, jana amekunywa uji. Ila mguu umekatwa, shemeji, na haukukatwa chini ya goti. Umekatwa juu.

Nikueleze kama nilivyoelezwa, maana nilimwomba yule daktari arudie mpaka nikaelewa. Siku ile ya ngazi goti halikuchomoka kidogo. Mimi nilikuwa chini yake. Niliona ugoko umekwenda upande ambao haupaswi kwenda, halafu akajinyoosha ukarudi. Daktari anasema hilo ndilo linalodanganya watu. Goti likitoka likabaki nje, kila mtu anakimbilia hospitali. Likirudi lenyewe watu wanacheka. Nyuma ya goti kunapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mguu wote wa chini, na goti linapotoka mshipa unavutwa. Akauliza kazini tunaoshea nini sakafu. Nikamwambia mpira. Akasema, basi mpira ukivutwa na kukunjwa, nje hauna hata mkwaruzo, lakini ndani umechanika, kipande kinaning'inia na kinaziba maji. Damu ikawa inapita kidogo. Ilitosha akiwa amelala, haikutosha akitembea, ndiyo maana alikuwa anasimama kukagua mbingu. Halafu ikaganda pale pale ilipochanika, na siku moja haikupita kabisa.

Angelikuwa fundi viatu, au fundi rangi, au mtu yeyote anayefanya kazi kwenye jua, mtu angeshika ule mguu akashtuka. Sisi huku miguu yote ni ya baridi. Ulipokataa kuhisi maji vuguvugu tulimpigia makofi, shemeji. Mguu unakufa na sisi tunapiga makofi. Kwenye beseni langu mwenyewe. Na mimi nikamkanda tena kwa mikono hii. Daktari anasema kukanda si ndiko kulikoua mguu, ila hakukusaidia. Naona alisema hivyo kunionea huruma.

Alipokuwa anakuandikia ile barua ya kukuomba ushauri vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Nilimwambia, mwandikie vyeusi. Akasema nikimwandikia hivyo atamwacha mtoto mgonjwa aje kulala kwenye sakafu ya hospitali. Akaandika vimepauka.

Barua yako ilipofika aliisoma, akaiweka chini ya mto. Daktari akija asubuhi anamwambia, mke wangu amekataa. Akija jioni, mke wangu amekataa. Nilijaribu kusema naye, akaniuliza kama mimi ndiye mke wake. Homa ikapanda, mguu ukaanza kutoa harufu, akawa ananiita kwa jina la marehemu baba yake. Hapo daktari akasema chini ya goti pameshapita, sasa ni kukata juu, la sivyo mtu mwenyewe anakufa. Akauliza nani ndugu. Nikasema mimi kaka yake, nikaweka sahihi. Ni uongo ila pale hapakuwa na mwingine.

Unilaumu mimi kama unataka kulaumu. Nina mgongo mpana.

Shemeji yako,
Sweta


10 Juni

Mke wangu mpenzi,

Naandika mwenyewe, unaona mistari imenyooka. Nina habari ambayo si nzuri wala si mbaya sana. Wamekata. Hali yangu iligeuka ghafla tu siku moja, hawakuweza kungoja. Barua yako ilifika nimeshatoka kwenye kisu. Dereva alichelewa, lori liliharibika njiani. Nimeisoma jana ndipo nikajua ulisema nini, na nimecheka sana hapo kwenye kitanda cha pili.

Kwa hiyo usiwe na lolote moyoni. Ulilosema halikubadilisha kitu, lilikuja baada. Hata ungesema ndiyo ingekuwa hivi hivi.

Nimekatwa pazuri tu. Watanipimia mguu wa bandia. Msimamizi amekuja na maua ya plastiki, amesema kuna kazi ya kukaa getini kuandika malori, nitakuwa nje kwenye jua. Sweta anakuja kila akitoka zamu, ananinyoa ndevu vibaya.

Usije haraka. Kaa na watoto wapone. Mimi sina shida, nimechoka tu, usingizi ninaoupata hapa sikuupata tangu tuoane.

Mumeo akupendaye,
Baba Pacha


14 Juni

Baba wa wanangu,

Lori halikuharibika. Dereva nimemwuliza. Ni mtu wa mdomo mrefu kama ulivyosema, lakini nilipomwuliza hilo alivua kofia kwanza, ndipo akasema lori lake ni zima, halijawahi kulala njiani mwaka huu.

Sweta ameniandikia kabla yako. Najua barua yangu ilikuwa chini ya mto wako. Najua ulikuwa unamwambia daktari asubuhi na jioni kwamba mimi nimekataa. Najua umekatwa wapi, na hapo si pazuri.

Nimekasirika nawe kiasi ambacho sikuwahi. Nikishona nakata uzi kwa meno kwa hasira. Uliniuliza swali kubwa kuliko yote uliyowahi kuniuliza, halafu ukanificha kile ninachoulizwa. Ukaniandikia kupauka. Mimi nikakaa hapa na fundi viatu, watu wawili wasiojua lolote, tukahukumu mguu ambao hatujauona. Nilijibu kwa kiburi kabisa, nikamtukana na daktari. Kila nikikumbuka yale maneno ya kitanda cha pili nataka kujificha chini ya meza. Goti lako lingekuwepo. Limeondoka kwa mkono wangu na kwa uongo wako, na mimi siukatai upande wangu, usininyang'anye kwa kuniletea habari za lori.

Nimelia, nimemaliza. Nadhani nimemaliza. Nakupenda, na ningekupenda ungebaki kichwa tu kwenye mto, lakini kichwa hicho ningekipiga kofi kwanza.

Usiniambie tena nisije haraka. Mdogo amepona, anajikuna tu makovu. Dada yangu amekubali kuwachukua wote wawili. Sare nimezikabidhi kwa mwenzangu, watakaokosa watavaa za mwaka jana, hakuna mtoto aliyekufa kwa sketi fupi. Kesho dereva ananipakia mbele, amesema nisilie kwenye kiti chake.

Mwambie Sweta simlaumu. Mwambie nina shukrani kwa ile sahihi, na kwamba kuanzia sasa ni kaka yako kweli, asijaribu kujitoa.

Na wewe, kitu kimoja. Dereva siku ile alisema umejifunika, na mimi nikaachia hapo, sikumwuliza zaidi kwa sababu niliogopa. Nikifika usiufunike shuka. Nataka kuuona.

Mkeo,
Mama Pacha